Habari Zilipoanza Kuleta Faida

Jumanne usiku, tarehe 7 Juni 1955, shirika la utangazaji la CBS nchini Marekani lilizindua kipindi cha chemsha bongo ambacho mshindi wake mkuu angeweza kuondoka na dola 64,000. Mara tu baada yake kilifuata kipindi cha habari, See It Now, cha Edward R. Murrow. Huyu ndiye aliyetangaza kutoka juu ya mapaa ya London wakati ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiushambulia mji huo kwa mabomu. Ndiye pia ambaye Machi 1954 alitumia nusu saa nzima kumwonyesha Seneta Joseph McCarthy akisema kwa kinywa chake mwenyewe, hadi watazamaji wakaona jinsi mtu huyo alivyokuwa akiwatisha raia kwa tuhuma za ukomunisti. Usiku ule wa Juni, Murrow aliitazama chemsha bongo akiwa studioni, akisubiri zamu yake. Ilipokwisha alimuuliza mwenzake, Fred Friendly, kama kulikuwa na mtu wa kuwekeana naye dau kuhusu muda watakaoendelea kuishika saa ile.

Swali lake lilikuwa la hesabu. Chemsha bongo ilipendwa nchi nzima, na bei ya tangazo la biashara katika saa za jirani ikapanda pamoja nayo. Kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, iliyokuwa ikimfadhili Murrow, ilijitoa mwaka huohuo. See It Now ikanyang'anywa nafasi yake ya kila wiki, ikawa inajitokeza mara mojamoja, na Julai 1958 ikazimwa kabisa. Miezi michache baadaye, mbele ya wakurugenzi wa habari waliokutana Chicago, Murrow aliwaambia waajiri wake wazi kwamba chombo chenye uwezo wa kufundisha na kuamsha watu kilikuwa kinageuzwa kuwa sanduku la kuwaliwaza. Hawakumsamehe. Wakati huo chemsha bongo zenyewe zilikuwa zimeanza kuumbuka: ilibainika kwamba katika baadhi yake washiriki walipewa majibu kabla ya kuingia studioni.

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima kwanza tujue kwa nini habari zilikuwapo kwenye televisheni ya biashara. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934 ilisema masafa ya hewani ni ya umma, na anayepewa leseni ya kuyatumia anawajibika kutumikia maslahi ya umma. Wenye vituo walitimiza wajibu huo kwa kutangaza habari. Hakuna aliyetarajia ziingize fedha, na mashirika matatu makubwa, CBS, NBC na ABC, yalichuma kwenye vichekesho, michezo na tamthilia. Idara ya habari ilikula bajeti, ikaleta heshima, na mwenye shirika aliweza kwenda Washington kifua mbele. Mpango huo haukuwa na utakatifu wowote. Taarifa ya jioni ilikuwa ya dakika 15, ikisomwa na wanaume weupe, na ilichelewa mno kuyaona mateso ya Wamarekani weusi wa Kusini. Lakini ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba mhariri hakuulizwa kila asubuhi habari ya jana iliuza kiasi gani.

Septemba 1963 CBS ilirefusha taarifa yake ya jioni hadi nusu saa, NBC ikafuata ndani ya wiki moja. Walter Cronkite alifungua kwa kumhoji Rais Kennedy kuhusu Vietnam. Chini ya miezi mitatu baadaye Kennedy aliuawa, na kwa siku nne Marekani nzima ilikaa mbele ya televisheni, matangazo ya biashara yakiwa yamesimamishwa. Ni siku ambazo watangazaji wa zamani walizikumbuka kwa fahari, na walikuwa na haki. Ila zilifundisha jambo jingine pia: kwamba taarifa ya habari inaweza kukusanya watu wengi kuliko kichekesho chochote. Waliolisikia somo hilo vizuri zaidi hawakuwa waandishi wa habari.

Februari 1966 Kamati ya Seneti ya Mambo ya Nje ilikuwa ikisikiliza hoja za wazi kuhusu vita vya Vietnam, ambako tayari kulikuwa na askari wa Marekani wapatao 200,000. Tarehe 10, shahidi alikuwa George Kennan, balozi wa zamani mjini Moscow, mtu aliyebuni sera ya kuuzuia ukomunisti usienee. Alikuja kusema kwamba vita ile haikustahili damu iliyokuwa ikimwagika. NBC ilimrusha mubashara. Fred Friendly, ambaye sasa alikuwa mkuu wa habari wa CBS, aliomba naye amrushe, akakataliwa. Saa ile watazamaji wa CBS waliona kichekesho cha I Love Lucy, kipindi ambacho kilikuwa kimekwisha kurudiwa mara kadhaa. Bosi mpya aliyempa Friendly jibu alieleza sababu yake: mchana waliopo nyumbani ni akina mama, na akina mama hawavutiwi na Vietnam. Ni akina mama haohao ambao wana wao walikuwa wakiitwa jeshini. Friendly alijiuzulu siku hizohizo.

Uamuzi wa siku ile ulilinda mapato ya asubuhi moja. Aliyeufanya hakuwa mtu mbaya, na kwa upande wa mahesabu alikuwa sahihi. Katika historia hii yote huyo ndiye mtu utakayekutana naye tena na tena: meneja mwenye hoja inayoeleweka, anayepunguza kitu kidogo.

Mwaka 1968 ndio uliogeuza mambo, na uliyageuza kwa njia mbili katika msimu mmoja. Septemba CBS ilianzisha 60 Minutes, kipindi cha mtayarishaji Don Hewitt, chenye saa ya kuhesabia sekunde kama alama yake. Kilikuwa na uandishi wa kweli, wenye meno. Baada ya miaka kumi na ushee kilikuwa kipindi kinachotazamwa kuliko vyote nchini, na fedha kilichoingiza zilikuwa nyingi ajabu. Hewitt mwenyewe baadaye alikiri kwamba mafanikio yake yaliharibu kitu, kwa maana yaliwaonyesha wenye mashirika kwamba habari zinaweza kuchuma. Tangu hapo idara ya habari isiyoleta faida ikawa na maswali ya kujibu.

Njia ya pili ilipita kwenye vituo vya mijini, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo sura ya taarifa ya habari tunayoijua leo ilipochongwa. Mkurugenzi wa habari aitwaye Al Primo alikuwa amejaribu mtindo mpya Philadelphia mwaka 1965, akautia jina la Eyewitness News. Novemba 1968 aliuhamishia WABC, kituo cha ABC cha New York. Kabla yake mtu mmoja alikaa mezani akasoma. Primo aliwatoa waandishi nje wakasimame mbele ya kamera penye tukio, kisha akawaketisha studioni pamoja: wasomaji wawili, mtu wa michezo, mtu wa hali ya hewa. Waliongea wao kwa wao, wakataniana, wakacheka. Muziki wa kufungulia ulichukuliwa kwenye filamu ya Cool Hand Luke, katika sehemu ambapo wafungwa wanamwaga lami barabarani kwa kasi isiyo ya kawaida. Ni muziki wa kuhema, unaokufanya uhisi kuna jambo kubwa linakuja hata kama habari ya kwanza ni moto kwenye ghala. Kwa haki, Primo aliwaleta hewani pia waandishi weusi na wenye asili ya Puerto Rico, na New York ikajiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Lakini vituo vilivyomwiga kote nchini vilichukua utani na muziki.

Walioueneza mtindo huo walikuwa washauri. Aliyejulikana kuliko wote, Frank Magid, alikuwa ameanzisha kampuni yake ya utafiti katika jimbo la Iowa mwaka 1957. Kituo kilichokuwa nyuma kwa watazamaji kilimwita, watu wake wakawahoji wakazi wa mji: unampenda mtangazaji gani, nini kinakuchosha, ungependa kuona nini zaidi. Wengine katika biashara hiyo walifika hadi kuwavalisha watazamaji vifaa vya kupima jasho la vidole huku wakiwaonyesha sura za watangazaji, ili wajue ni nani anayewasisimua. Kisha ripoti ilirudi kituoni na mapendekezo yake. Habari moja isizidi dakika moja na nusu hivi. Hotuba na mikutano ya halmashauri ipunguzwe. Ajali, moto na polisi vipewe nafasi mbele. Mtangazaji anyoe, abadili koti, atabasamu. Mwaka 1970 kituo kingine cha Philadelphia kiliuchukua mwendo huo kwa kasi zaidi kwa jina la Action News, na baada ya hapo ulikuwa unaweza kuruka kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine ukakuta meza ileile, vicheko vilevile.

Kosa la utafiti ule, kwa maoni yangu, lilikuwa ndani ya swali lenyewe. Ukimwuliza mtu aliyerudi kazini amechoka kama anataka habari zaidi kuhusu bajeti ya maji, atasema hapana, na atakuwa mkweli. Humwulizi kama angependa kujua mapema kwamba maji yake yana sumu. Mtu hawezi kuagiza habari asiyojua kuwa ipo, na kumtafutia habari hiyo ndiyo kazi aliyompa mwandishi.

Vipimo navyo vilikuwa na msimu wake. Kampuni ya Nielsen ilituma vijitabu vya karatasi majumbani, familia ikaandika kila siku ilichotazama, na kwa vituo vingi hesabu kuu ilifanyika mara nne kwa mwaka: Februari, Mei, Julai na Novemba. Bei ya matangazo ilifuata hesabu hizo. Basi katika miezi hiyo minne taarifa za habari zilijaa vitisho: vijidudu kwenye taulo za hoteli, hatari iliyojificha jikoni, ukahaba mjini. Mwezi ulipokwisha, hatari nazo zikatoweka. Mwaka 1977 ABC ilimkabidhi idara yake yote ya habari Roone Arledge, mkuu wake wa michezo, ambaye aliendelea kuongoza michezo pia. Juni 1980 Ted Turner alifungua CNN huko Atlanta, na habari zikawa na saa 24 za kujazwa kila siku.

Halafu lilitokea jambo ambalo lingepaswa kuwanyamazisha washauri. Oktoba 1984 mpigapicha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kuanzia kazi yake Dar es Salaam, alifika Korem kaskazini mwa Ethiopia akiwa na Michael Buerk wa BBC. Walikuta maelfu ya watu wamelala kwenye baridi ya alfajiri, wakifa kwa njaa. Taarifa yao iliyorushwa tarehe 23 ilichukua takriban dakika saba. Amin hakuharakisha kamera: aliiacha ikae juu ya uso wa mama na mtoto aliyefunikwa sanda, muda ambao mshauri yeyote angesema umepita kiasi. Mada ilikuwa njaa, nchi ilikuwa ya mbali, hapakuwa na mtu maarufu hata mmoja. NBC ilizirusha picha hizo Marekani, na mamilioni ya watazamaji walewale waliodaiwa kuchoshwa na dunia walifungua pochi zao. Serikali zilizokuwa zimezubaa zikaanza kupeleka chakula.

Washauri hawakunyamaza, kwani mwaka uliofuata mashirika yenyewe yalianza kuuzwa. Kati ya 1985 na 1986 ABC ilinunuliwa na Capital Cities, NBC ikaingia mikononi mwa General Electric pamoja na kampuni mama yake, RCA, na mfanyabiashara Laurence Tisch akashika usukani wa CBS. Wamiliki wapya walikuwa wamelipa mabilioni, nao walitaka kila idara ijitegemee. CBS tayari ilikuwa na mkuu wa habari, Van Gordon Sauter, aliyewahimiza waandishi watafute ndani ya kila habari dakika ya kugusa moyo: chozi, mshtuko, mkulima akiukumbatia mlango wa shamba linalopigwa mnada. Machi 1987 wafanyakazi zaidi ya 200 wa CBS News waliachishwa kazi. Dan Rather, mtangazaji mkuu wa shirika hilohilo, aliandika kwenye New York Times akilalamika jinsi nyumba ya Murrow ilivyoshuka. Agosti mwaka huo serikali iliondoa kanuni iliyovitaka vituo vishughulikie masuala yenye ubishani na kuzipa pande mbalimbali nafasi. Ofisi za nje zilifungwa moja baada ya nyingine. Ofisi ya nje ina kodi, gari, dereva, mkalimani na bima, na huenda ikakaa miezi mitatu bila habari kubwa. Jopo la wachambuzi wanne kwenye meza linagharimu nauli ya teksi.

Tufike sasa Ijumaa, tarehe 17 Juni 1994. Mchana huo Kombe la Dunia lilifunguliwa Chicago, Ujerumani dhidi ya Bolivia. Jioni, kwa saa za Los Angeles, polisi walikuwa wakilifuata gari jeupe aina ya Ford Bronco ambamo mchezaji mashuhuri wa zamani, O. J. Simpson, alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, akitakiwa kwa tuhuma za mauaji ya mtalaka wake na kijana mmoja. Gari lilikwenda polepole. Helikopta za vituo vya televisheni zikalifuata juu kwa juu. NBC ilikuwa ikionyesha fainali ya mpira wa kikapu. Iligawa skrini, mchezo ukasukumwa kwenye kijisanduku cha pembeni. Inakadiriwa watu milioni 95 walitazama gari lile likitembea.

Siku hiyo Rwanda ilikuwa katika wiki ya kumi na moja ya mauaji ya kimbari. Sisi wa Afrika Mashariki tuliyajua kwa masikio, kupitia redio, na kwa macho ya walio mpakani. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa takriban saa 24. Mei miili ilikuwa ikielea Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda waliiopoa na kuizika. Picha za mauaji yenyewe zilizopigwa wakati yakitendeka zinahesabika. Mojawapo, ya Nick Hughes, ilipigwa kwa mbali kutoka juu ya jengo la shule mjini Kigali mwezi Aprili. Baraza la Usalama lilikuwa limepunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi askari 270. Washington, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje alikuwa akizunguka mbele ya waandishi kuhusu kama kinachotendeka kiitwe mauaji ya kimbari au vitendo vya mauaji ya kimbari. Kamera za mashirika makubwa zilikuja kwa wingi Julai, wakimbizi walipomiminika Goma na kipindupindu kikawaua barabarani, mahali ambapo ndege ingeweza kutua na picha zilikuwa tele. Kwa hiyo Wamarekani wengi waliona kwanza kambi iliyokuwa na wauaji ndani yake, kabla hawajaelewa ni nani aliyeuawa.

Sisemi kwamba televisheni ingeyazuia mauaji. Nasema kwamba rais anayetaka kukaa kimya hukaa vizuri zaidi wapigakura wake wanapotazama kitu kingine, na kesi ya Simpson iliwapa kitu kingine hadi Oktoba 1995. Jaji wa California aliruhusu kamera mahakamani. Gharama ilikuwa ndogo, na kila siku ilileta sura mpya ya hadithi.

Tarehe 7 Agosti 1998 zamu ikawa yetu moja kwa moja. Nairobi, watu waliosikia mlipuko wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na bomu lenyewe lilipolipuka nje ya ubalozi wa Marekani vioo vikawaingia machoni. Wengi walibaki vipofu. Ufundi House iliporomoka. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, wengi wao Wakenya, na Dar es Salaam, ambako bomu jingine lililipuka, 11. Kamera zilikuja, tena haraka. Ila Marekani ilikuwa kwenye mwezi wa nane wa sakata la Rais Clinton na mwanamke aliyefanya kazi Ikulu. Siku kumi baada ya mabomu, Clinton alihojiwa kwa kiapo kuhusu uhusiano huo, na tarehe 20 alipoamuru makombora yapigwe Sudan na Afghanistan, mjadala uliotawala studio nyingi ulikuwa kama ameyarusha ili kuficha aibu yake. Nani alilipua, kwa nini, na angelipua wapi tena, yakawa maswali ya wataalamu wachache.

Maswali hayo yalijibiwa hadharani. Februari 2001 kesi ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ilianza katika mahakama ya shirikisho Manhattan, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka minara ya World Trade Center. Washtakiwa wanne walikuwa kizimbani, mmoja wao Mzanzibari, Khalfan Khamis Mohamed. Mahakama za shirikisho haziruhusu kamera, hivyo kwa televisheni kesi hiyo ilibaki michoro ya penseli na mwandishi aliyesimama kwenye ngazi za nje. Waandishi wa magazeti walikaa ndani, wakaandika. Mashahidi waliokuwa wanachama wa al-Qaeda, kundi lililolipua mabomu hayo, walieleza jinsi lilivyoundwa, linavyolipa mishahara, linavyotuma watu. Mmoja, Mmoroko L'Houssaine Kherchtou, alieleza kwamba lilimpeleka Nairobi kusomea urubani. Tarehe 29 Mei wote wanne walitiwa hatiani.

Majira ya joto yaliyofuata, televisheni za Marekani zilishughulika na mbunge wa California na mwanamke kijana aliyepotea, na pia na papa. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameng'atwa Florida mwezi Julai, helikopta zilezile zikahamia baharini, na nchi ikaaminishwa kwamba papa wamekasirika. Hesabu za wataalamu zilionyesha baadaye kwamba mashambulizi ya mwaka huo duniani kote yalikuwa machache kuliko ya mwaka 2000. Habari za papa zilidumu hadi wiki ya kwanza ya Septemba.

Wafungwa wanne wa kesi ya Nairobi na Dar es Salaam walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Oktoba 2001, minara ikiwa tayari kifusi. Kufikia siku hiyo Marekani nzima ilikuwa ikiuliza ilikuwaje al-Qaeda likapata marubani. Maelezo ya Kherchtou kuhusu shule ya urubani ya Nairobi yalikuwa yamekaa kwenye kumbukumbu za mahakama, wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma, tangu Februari.